Nani Apande Baiskeli ya Babu?

Vyombo viwili vya magurudumu mawili vimeingia katika Kiswahili kwa njia mbili. Pikipiki ilibatizwa na masikio ya watu, kwa mlio wake. Baiskeli ilikuja na jina lake kutoka Ulaya, likalainishwa tu lipate kutamkika. Huko Gashonga, katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, vyote viwili huonekana barabarani kila siku. Hata hivyo, pikipiki iliyochoka huuzwa vipande vipande, nayo baiskeli iliyochoka aghalabu huegeshwa ukutani ingoje.

Katika nyumba moja ya huko imo baiskeli nyeusi ya chuma, aina ya Phoenix, iliyotengenezwa Shanghai. Mwenyewe ni mzee aliyepita miaka sabini, na magoti yake hayavimudu tena vilima. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kubisha hodi mara mbili. Wana wa mzee wanaona heri iuzwe. Mjukuu wa kike, mwenye umri wa miaka 15, anaitaka. Ugomvi wenyewe si wa fedha, kwani bei ya chuma chakavu haitoshi hata kununua kanga mbili. Ugomvi ni juu ya msichana kukaa juu ya kiti cha baiskeli mbele za watu.

Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko umri wa mzee. Baiskeli ya sura tuijuayo, yenye magurudumu yaliyolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885 kwa kazi ya John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya tairi la kujazwa upepo. Ulaya ikafurahi, ikashindana mbio na kutunga nyimbo. Lakini furaha hiyo ilikuwa na mlipaji. Sehemu ya mpira uliotakiwa na viwanda vya matairi ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya mto Rusizi. Chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kati ya mwaka 1885 na 1908, wanaume wa vijiji vya misituni walilazimishwa kugema mpira kwa mjeledi na bunduki, na wake zao wakashikwa mateka hadi kiasi kilichoamriwa kitimie. Hivyo mwanamke wa Afrika aliilipia baiskeli kabla mumewe hajapata hata kuiona.

Ilipofika vijijini, ilikuwa chombo cha wenye hadhi: mmisionari, karani, mwalimu, katekista. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ilipotaka kuiuza Afrika, ilichora tangazo lililopata sifa kubwa: Mwafrika anakimbizwa na simba, naye anakanyaga pedeli na kumwacha nyuma. Mtu huyo ni mwanamume. Haikumpitikia mchoraji kwamba simba hufukuza wanawake pia.

Sinema nayo ina ushahidi wake. Filamu ya Italia ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, ya Vittorio De Sica, inasifiwa duniani kote kwa habari ya baba na mwanawe wanaozunguka mji wa Roma wakiitafuta baiskeli iliyoibwa. Wachache hukumbuka kwamba baiskeli hiyo ilikuwa imewekwa rehani, na aliyeikomboa ni mke, kwa kuyatoa mashuka yake ya ndoa. Mashuka yakaenda, mume akapanda. Mwaka huo huo wa 1948, huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake ya picha, na wateja wake walipenda kupigwa picha na Vespa kando yao. Humo walau wanawake waliruhusiwa kuiegemea.

Gashonga hakuna aliyeinunua baiskeli ili aiegemee. Vilima vyake havina masihara. Ukiteremka kuelekea bonde la Bugarama unakaribia sehemu ya chini kuliko zote Rwanda, kama meta 950 juu ya usawa wa bahari. Na kila kilichoteremshwa sharti kipandishwe. Mikungu ya ndizi, magunia, madumu ya maji, hata mgonjwa, vyote vimepanda kwenye karia. Aliyekosa fedha za chuma alichonga igicugutu, baiskeli ya mbao, ndugu yake chukudu ya Goma ambayo watu wa mji huo wameisimamishia sanamu. Phoenix ya mzee ilinunuliwa kwa fedha za kahawa. Kahawa ilichumwa na mkewe. Kwenye kilima mume alishika usukani, mke akasukuma nyuma, na kule juu palipo tambarare mume alipanda, mke akafuata kwa miguu.

Mambo yamebadilika, japo polepole. Mwaka 2015 Jeanne d'Arc Girubuntu aliiwakilisha Rwanda katika mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Richmond, Marekani. Mwaka 2020 mbio za Tour du Rwanda ziliingia Rusizi kutoka Huye. Septemba 2025 mashindano ya dunia yenyewe yakafanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na wanawake wakashindana katika vilima vile vile. Wana wa mzee waliyasikiliza redioni, wakayashangilia, kisha wakarudia kusema kwamba kwa binti wa nyumbani si adabu.

Aliyeukata ugomvi ni bibi. Aliwauliza wanawe kama wamepata kumwona baba yao akiifikisha baiskeli ile kileleni peke yake. Walinyamaza. Mzee, ambaye siku zote hizo hakuwa ametia neno, alisema, "Mama yenu hasemi uongo. Mpeni mtoto pampu."

Fundi amekwisha kuikagua. Fremu ni nzima, spoku nne zimekatika, mnyororo unataka mafuta, na kile chuma cha juu kinamlazimu msichana avae suruali chini ya sketi, jambo ambalo bibi amelikubali na mama yake bado analitafakari. Taabu iko kwenye breki za fito: mipira yake imelika hadi chuma. Hadi ipatikane mingine, msichana anaruhusiwa kuendesha katika uwanja wa mpira tu, alasiri, na barabara ya kuteremkia Bugarama amekatazwa.