Kabla ya Kuuliza Bei ya Meno Meupe



Wiki hii tunasema jambo ambalo kundi letu limelinyamazia miaka miwili, kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Hapa Goma na katika vijiji vya kando ya volkeno, watoto wetu wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Tulidhani ni uchafu. Tuliwasugua kwa makala, kwa majivu, hata kwa ndimu, na madoa hayakutoka. Wasichana wakakua wakicheka na mkono mdomoni.

Binti mmoja wa kundi letu alipokaribia kuolewa, likelemba yetu ilitoa dola 60 ili atengenezwe meno. Tulimpeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, mwenye ubao uliochorwa meno meupe. Tulimuuliza swali moja tu: "Ni bei gani?" Alasiri ileile alikwangua meno kwa kimashine chake, akabandika kitu cheupe juu yake. Siku ya ndoa tulipiga vigelegele. Wiki tatu baadaye binti hakuweza tena kunywa chai ya moto wala maji baridi. Kabla ya mwaka kwisha, meno mawili ya mbele yalikuwa yameoza, yakang'olewa hospitalini. Mama yake hakutulaumu. Ila tangu siku hiyo alikuwa akifika mkutanoni wa mwisho na kuondoka wa kwanza.

Mwaka huu binti mwingine, mwenye miaka 19, alipata kazi ya kupokea watu dukani, naye akaomba msaada huohuo. Safari hii tulikubaliana watatu wetu wamsindikize, na franka isitoke mfukoni siku ya kwanza.

Tulipita mahali patatu. Wa kwanza alisema atamaliza yote leo, na akapunguza bei tukilipa papo hapo. Wa pili alituonyesha picha nzuri kwenye simu, lakini tulipouliza vyombo vyake husafishwaje, alikasirika. Wa tatu alikuwa munganga wa meno, mwanamke. Hakuanza na bei. Alimuuliza binti alikulia wapi na alikunywa maji gani alipokuwa mdogo.

"Wamama, huu si uchafu," alituambia. "Ni madini ya fluoridi yaliyozidi kwenye maji. Yaliingia wakati meno yalikuwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Hata maji ya mvua huyabeba yakipita katika moshi wa volkeno."

Kisha akatueleza kwamba ganda la nje la jino likikwanguliwa halioti tena. Tukanyamaza. Kila mmoja wetu alimfikiria binti wa kwanza.

Alikuta meno mawili yenye matundu, akasema hayo yatatibiwa kwanza, kwa maana mapambo hayawekwi juu ya ugonjwa. Alikataa kuyang'arisha kwa dawa peke yake, kwa sababu mabaka meupe yangeweza kuonekana zaidi. Angesugua kidogo sana meno manne ya juu ya mbele, kisha ayafunike kwa dawa ngumu yenye rangi ya jino. Mengine aliyaacha, kwa kuwa hayaonekani na yana nguvu. Alisema wazi kwamba dawa hiyo itabadilika rangi na kuhitaji kurekebishwa baada ya miaka. Tulipoomba kuona mashine inayosafisha vyombo kwa mvuke, alituonyesha bila kununa. Bei aliiandika kwenye karatasi, akatuambia turudi nyumbani tufikiri.

Hapo tukaelewa. Wale wawili walituambia watafanya nini. Huyu alituambia pia nini hatafanya, na kwa nini.

Kwa hiyo, mama, ukimpeleka mtoto wako, uliza: Umesomea wapi kazi hii, na naweza kuona cheti? Vyombo unavisafishaje? Glavu unabadilisha kwa kila mtu? Utakwangua kiasi gani? Itadumu muda gani, na ikiharibika nirudi kwa nani? Chombo chenye damu ya mwingine huweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI, basi usione haya kuuliza. Anayekasirikia swali, mshukuru uondoke. Na kwa watoto wadogo, dawa ya meno iwe kidogo kama punje ya mchele, nao wafundishwe kutema, wasimeze.

Kukusanya pesa kulituchukua wiki sita. Meno ya binti hayakuwa meupe kama maziwa. Yana rangi ya meno. Alikuja mkutanoni, mtu akasema neno la kuchekesha, naye akacheka huku mikono yote miwili iko mapajani.

Mama wa binti wa kwanza alikuwa amekaa karibu na mlango. Tulisimama mbele yake, tukamwomba msamaha kwa sauti, kama ilivyotupasa tangu mwanzo. Alilia, nasi tukalia. Zamu ijayo ya likelemba ni ya binti yake, kwa ajili ya meno mawili ya kuwekwa. Safari hii naye atatusindikiza, na yeye ndiye atakayeuliza maswali.