Ujirani na Uzee wa Mjini

Uzee una haja mbili: riziki na mtu. Mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Jambo hilo ni la sifa, lakini fedha haibishi hodi. Katika nyumba za baraza za Ng'ambo, mlango uliochelewa kufunguliwa asubuhi ulimwambia jirani kuwa bibi hakuamka vyema. Katika majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, baraza ilibaki chini, mzee akapanda juu. Mtoto wa jirani apandaye kuuliza, "Shikamoo, bibi, umeamkaje?" hutoa kisicholipika na hazina yoyote. Kila kijana ni mzee wa kesho. Na apande ngazi leo.