Televisheni za Valvu na Fundi Wake

Televisheni ya zamani hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuifanya ionyeshe picha tena kwa spea yoyote inayopatikana. Ya pili ni kuirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani, nje na ndani, hata fundi wa enzi zake akifungua mfuniko wa nyuma aikute kama alivyoijua. Mwandishi wa tawasifu hii alianza kazi Unguja kwa njia ya kwanza, kama mafundi wote wa rika lake, kisha akahamia ya pili na hakuiacha tena.

Unguja palikuwa mahali pazuri pa kujifunzia. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1974, tena ya rangi, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi 1994. Kenya ilitangulia mwaka 1962 kwa picha nyeusi na nyeupe. Miongoni mwa seti zilizopita katika meza ya mwandishi ni zile za rangi za mwanzo, zenye valvu na transista ndani ya kabati moja la mbao, ambazo mtu mmoja hazibebi. Bwana aliyemfundisha, fundi redio ambaye wanagenzi walimwita Maalim, alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: kila matengenezo yaandikwe kwa penseli ndani ya mfuniko, tarehe na kilichobadilishwa. Maandishi ya namna hiyo hayafutwi. Ni sehemu ya seti sawa na nembo ya kampuni.

Seti iliyolala miaka mingi haichomekwi kwenye umeme ili kuijaribu. Kapasita za karatasi hunyonya unyevu, hasa katika hewa ya pwani, zikaanza kuvujisha umeme. Kapasita kubwa za alumini nazo hupoteza utando wake wa ndani, na zikipewa volteji kamili ghafla huweza kupata moto na kupasuka. Kwa hiyo umeme huingizwa kidogokidogo, na mwanzoni hupitishwa kwenye taa ya waya ya wati 100: ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, huenda kuna hitilafu ndani. Hatari ya fundi mwenyewe ni kubwa zaidi. Chesisi ya nyingi kati ya seti hizi imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na tyubu ya picha ya rangi hufanya kazi kwa volti zipatazo 25,000, ambazo huweza kubaki ndani ya kioo hata baada ya kuzimwa.

Valvu husumbua kwa namna yake. Nyuzi zake za joto zimefungwa kwa mfululizo, mkondo mmoja wa miliampia 300 ukizipitia zote, hivyo uzi mmoja ukikatika zote hubaki gizani. Kumtafuta mkosaji ni kazi ya testa na subira tu.

Kapasita ndizo zinazopima uaminifu wa fundi, kwa sababu kubadilishwa kwake hakuepukiki na ndizo zinazoonekana kwanza mfuniko ukifunguliwa. Njia ya mwandishi ni hii: kapasita ya karatasi hupashwa joto taratibu hadi nta ilegee, moyo wake huvutwa nje kwa koleo, na ganda hubaki tupu na maandishi yake yote. Ndani hutiwa kapasita mpya ya plastiki yenye thamani ileile, ambayo siku hizi ni ndogo kiasi cha kuingia bila kusukumwa. Nta ileile huyeyushwa ikaziba mdomo. Viini vilivyotolewa huwekwa kwenye bahasha inayobaki ndani ya kabati. Wengi huiona kazi hii kuwa ya bure kwa kuwa mtazamaji haoni tofauti. Mwandishi hakubaliani nao kabisa: seti iliyojazwa spea za rangi ya buluu chini ya chesisi ya zamani imepoteza ushahidi wa jinsi ilivyoundwa.

Kabati huhitaji mkono mwepesi. Vumbi na moshi huondolewa, ubao uliobanduka hugandishwa, tundu la mchwa huzibwa. Lakini ile sehemu iliyochujuka kando ya kitasa cha kubadilishia stesheni, ambapo vidole vya familia nzima vilipita, haipigwi rangi. Wateja waliotaka seti ing'ae kama mpya walielezwa hivyo kwa adabu, na wengi walikubali.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na ilipokwisha kuzimwa yote seti hizi zilibaki bila cha kupokea hewani. Dawa yake ni king'amuzi pamoja na kifaa kidogo cha kugeuza mawimbi, vyote vikikaa nje na kuunganishwa kwenye tundu la antena. Kutoboa kabati au kung'oa tyubu ili kupachika skrini bapa ni kuiua seti.

Msomaji aliye na televisheni ya namna hii stoo asiiwashe na asiisafishe kwa maji. Atunze vitasa, mfuniko wa nyuma na karatasi ya ramani ya nyaya iliyobandikwa ndani, kisha amwite fundi anayejua valvu angali yupo.