Baba Aliniuliza Kama Nilibeba Maji

Mwezi wa Mei 2024, binti yangu wa mwisho alimaliza mtihani wa kidato cha sita akarudi nyumbani Kilindoni. Kabla hajapumzika vizuri, orodha ya vijana walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa ilitoka, na jina lake lilikuwamo. Alipangiwa kambi ya Mafinga, mkoani Iringa. Mtoto wa Mafia, aliyezoea jua na upepo wa bahari, anakwenda kwenye baridi!

Nikaanza kukusanya vitu vilivyotakiwa: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu, na sweta. Kila nilicholeta alikitia begini bila kusema neno. Usiku mmoja nikamkuta amekaa barazani peke yake, analia.

"Mama, mimi siyo kama wewe," akaniambia. "Wewe ulikuwa simba. Mimi hata ndoo moja ya maji inanitoa jasho. Nitakuaibisha."

Mama wenzangu, maneno yale yalinichoma moyo, kwa sababu ambayo hakuijua yeye wala mtu mwingine yeyote katika nyumba yetu.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Msimu wa samaki ulipofika, yeye na wenzake walikwenda kukaa dago Shungimbili, kisiwa kidogo cha mchanga kilichoko kaskazini-magharibi mwa Mafia. Siku hizi ni hifadhi ya bahari, lakini zamani zile wavuvi walijenga vibanda vya makuti wakakaa huko majuma kadhaa. Maji ya kunywa waliyachukua kwenye madebe kutoka Mafia. Baba alituambia kwamba pale dago mtu anaweza kusamehewa akikosa samaki, akilala, hata akigombana. Lakini asiyebeba maji kwa zamu yake, huyo anakunywa jasho la mwenzake.

Mwaka 1986 nilimaliza kidato cha sita, na mimi nikaitwa JKT. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 ili kuwafundisha vijana kulitumikia taifa. Baadaye sheria iliwataka wasomi nao waende. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga jambo hilo Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao. Sisi wa miaka ya 1980 hatukuwa na la kubishana. Ulimaliza shule, ukaenda kambini.

Sitaitaja kambi yangu, kwa sababu kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe. Tulilala kwenye hanga moja, wasichana kutoka kila mkoa, wengine sikuwahi hata kusikia majina ya wilaya zao. Alfajiri tuliamshwa kwa filimbi, tukakimbia mchakamchaka huku tunaimba, kisha gwaride, kisha kazi za shamba. Jioni kila kuruta alichukua ndoo kuteka maji mtoni kwa ajili ya jiko, na mlima wa kurudi ulikuwa mrefu.

Katika juma la tatu niliteguka kifundo cha mguu. Nilipelekwa zahanati, nikapewa siku saba za kupumzika. Nikawekwa jikoni kuchambua maharage. Siku ya saba mguu ulikuwa umepona, lakini nilipofikiria ule mlima na ile ndoo, nikaendelea kuchechemea. Hakuna aliyenishuku.

Ndoo yangu ilibebwa na msichana kutoka Singida aliyelala kitanda cha jirani. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko mimi. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu, "Mguu ukipona utanibebea na wewe." Kila jioni alipanda mlima mara mbili.

Usiku mmoja wa mbalamwezi nilitoka kwenda chooni, nikatembea sawasawa bila kuchechemea. Niliporudi nikamwona amesimama mlangoni mwa hanga, ananitazama. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Jioni iliyofuata alichukua ndoo yake, akachukua na yangu, akaenda mtoni.

Mngedhani kwamba niliona haya nikamfuata. La. Niliona haya, na kwa sababu hiyo nikazidi kuchechemea, maana kuacha ghafla kungekuwa kukiri. Nilichechemea karibu mwezi mzima. Baadaye tulihamishiwa kambi mbalimbali, na sikumwona tena. Sikumwomba radhi.

Niliporudi Mafia, baba aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kule ulibeba maji yako?"

Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Alifurahi sana. Aliwaambia wavuvi wenzake kwamba binti yake amepita jeshini bila kumtwika mtu mzigo wake. Alikufa akiamini hivyo. Nami baada ya miaka nikaanza kuamini sifa zile. Nikawa mwalimu, nikawahimiza wanafunzi wangu kwa hadithi za jeshini. JKT ya lazima iliposimamishwa mwaka 1994 nililalamika kwamba vijana watalegea, na iliporejeshwa mwaka 2013 nikashangilia. Nyumbani mtoto akilalamikia kazi nilimwambia, "Mimi nilipanda mlima na ndoo kichwani!"

Kumbe simba niliyemjenga kwa maneno ndiye aliyekuwa anamtisha binti yangu pale barazani.

Nikaketi karibu naye, nikamweleza yote, mguu, mbalamwezi, na jibu nililompa babu yake. Ilikuwa vigumu kuliko mchakamchaka wowote. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda mrefu, nikaogopa kwamba nimepoteza heshima yake. Kisha akauliza, "Yule dada wa Singida, hukumtafuta?"

"Sikumtafuta," nikasema. "Kwanza niliona haya. Halafu nilizoea."

Akafuta machozi. "Basi mimi nikishindwa, nitasema nimeshindwa," akasema. "Na nikipona, nitabeba."

Mapema Juni nilimsindikiza bandarini Kilindoni kupanda kivuko cha kwenda Nyamisati, aanze safari ya Mafinga. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Aliporudi alikuwa amekonda, ameungua uso kwa baridi, na sauti imekauka kwa nyimbo. Nilikuwa na swali la baba mdomoni, lakini nikaliacha. Nikamwuliza, "Nani alikusaidia kubeba?" Akanitajia wasichana wawili, mmoja wa Kagera na mmoja wa Mtwara, akaeleza siku alizougua na jinsi walivyomshika mkono. Kisha akanieleza, bila kuulizwa, siku aliyombebea yule wa Mtwara.

Akina mama, watoto wetu wanapoondoka kwenda jeshini, chuoni, au kazini, tunapenda kuwafungia begini ushujaa wetu. Mara nyingi ushujaa huo tumeupunguza pale ulipokuwa na aibu na kuuongeza pale ulipokuwa mdogo. Mtoto akiubeba unamlemea. Mwambie pia siku uliyoanguka, ili akianguka ajue njia ya kurudi nyumbani ingali wazi.

Wewe dada wa Singida, kama kurasa hizi zitakufikia popote ulipo, mguu wangu ulipona siku ya saba. Nisamehe. Ndoo yako moja bado ninayo deni.