Würzburg: Ndugu wa Mwanza asiyejua mapanki

Wasomaji wangu, kuna watu hapa Mwanza wakisikia fulani yuko Ujerumani anasoma, wanaona gari, suti na mshiko. Mimi niko huko tangu Oktoba 2024, nasoma shahada ya uzamili, na sasa nimerudi likizo. Tangu nimetua, swali ni moja tu: "Umetuletea nini?" Nimewaletea habari. Zipokeeni.

Mji ninaosoma unaitwa Würzburg, uko jimbo la Bavaria, kandokando ya mto Main. Wengi hapa hawajui kwamba ni mji rafiki wa Mwanza tangu mwaka 1966. Yaani urafiki huo ni mkubwa kwa umri kuliko mimi na wewe! Ni mji mdogo, watu wake hawafiki laki moja na nusu, lakini una mambo. Ndiko Wilhelm Conrad Röntgen alikogundua eksirei mwaka 1895, ile ile unayopigwa Bugando ukivunjika mguu. Machi 16, 1945 ndege za Uingereza ziliuteketeza kwa mabomu, wenyewe wakaujenga upya. Vilima vyake vimejaa mizabibu, na jioni za kiangazi watu husimama kwenye daraja la kale na glasi za mvinyo, kama sisi tunavyobarizi ufukweni tukiliangalia jiwe la Bismarck.

Sasa njoo kwenye kasheshe.

PESA KWANZA

Vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo, unalipa mchango tu kila muhula. Bab'kubwa, siyo? Subiri kidogo. Kama huna mfadhili, kabla ya viza unatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima. Kuanzia Septemba 2024 ni Euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30! Zinakaa kwenye akaunti inayofungwa, na ukifika unaachiwa Euro 992 kila mwezi, basi.

Mzee wangu ni mvuvi wa Igombe. Alikuwa na boti mbili. Akauza moja pamoja na injini yake, na shangazi na wajomba wakachanga zilizobaki. Kwa hiyo kila nikinunua mkate kule, najua nakula ubao wa boti ya mzee.

Na hizo Euro 992 usizione nyingi. Kuna chumba. Kuna bima ya afya, ni lazima, inapita Euro 100 kwa mwezi. Halafu kuna ada ya redio na televisheni, Euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, hata kama huna redio wala televisheni! Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, ndiyo maana tunabeba maboksi. Usiku uko ghalani, asubuhi uko darasani, macho mekundu kama ya mvuvi wa dagaa.

MZEE NA MAKSI

Masomo nayo yana vituko. Kipindi kikiandikwa saa nne, mara nyingi kinaanza saa nne na robo, na hiyo robo ni utaratibu wa chuo wa tangu zamani. Wajerumani hata kuchelewa wanachelewa kwa mpango.

Hapa kwetu GPA ya 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza. Kule 1.0 ndiyo bora kabisa, na 5.0 ni kufeli. Nilipompigia mzee kumwambia nimepata 1.7, alinyamaza, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, usikate tamaa, utarudia." Bando likaisha nikimweleza.

Kitu kigumu kuliko mtihani ni ukimya. Desemba, saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Jumapili maduka yamefungwa. Kwenye basi hakuna wa kukwambia "mwangaluka". Bibi mmoja jirani yangu, miezi miwili tulipishana ngazini kwa kutikisa kichwa tu. Siku aliponiuliza natoka wapi nikasema Mwanza, uso ukafunguka! Kumbe jina la mji wetu analijua miaka mingi. Siku hizi Jumapili nakunywa kahawa kwake, ananisahihisha Kijerumani bila huruma. Urafiki wa 1966 uliandikwa na wakubwa, wa kwangu ulianzia ngazini.

Siku nyingine, kwenye jokofu la dukani, nikakuta minofu ya samaki imeandikwa Viktoriabarsch. Msomaji, huyo ni sangara wetu! Amefika pale mweupe, hana kichwa wala mfupa, na mapanki yake yamebaki huku tunayakaanga sisi. Nikawaza, huyu hakuulizwa akaunti wala lugha. Mtu anafika na kichwa chake, mifupa yake na deni la kwao.

BOTI ILIYOBAKI

Nayasema haya kwa sababu mdogo wangu naye anataka kuja, na anataka mzee auze boti ya pili. Wiki hii tumekalishwa kikao. Nikasema kusoma Ujerumani ni kuzuri, aende. Ila aanze na kuomba ufadhili, DAAD wanawafadhili Watanzania, na ajifunze Kijerumani akiwa hapa hapa. Ukimaliza chuo unaweza kupewa miezi 18 ya kutafuta kazi, lakini bila lugha miezi hiyo inayeyuka kama barafu ya mwaloni.

Dogo akanirushia methali: "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Ilinichoma. Nikamjibu kwamba hiyo boti ndiyo inamlisha mama na wadogo zetu watatu, na mimi bado sijarudisha hata kasia la ile ya kwanza.

Mzee hakutoa hukumu. Alichukua koti lake la mvua, akasema, "Boti inaingia ziwani leo usiku," akatoka.

Dogo hajanisemesha siku ya tatu sasa. Lakini jana usiku nilipita mlangoni kwake nikamsikia anahesabu peke yake: eins, zwei, drei...