Mume, Kitambi na Sukari ya Ukoo

Kwetu Kivinje, posa ikija wazee hawakurupuki. Kabla barua haijajibiwa, mashangazi wanapita kimya kimya kuulizia: ukoo huo una kifafa? Kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Mume wangu ni mtu wa Lindi mjini, alichunguzwa wiki tatu nzima na akapita. Jambo moja tu halikuulizwa na upande wowote: sukari.

Haya, hesabu mwenyewe. Kwangu mimi, bibi mzaa mama alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari, na baba ana presha. Kwa mwenzangu, baba yake na baba zake wadogo wawili wanameza dawa za sukari, na mama mkwe alipooza upande mmoja. Mtaani wakasema kapigwa na upepo mbaya. Si upepo, shosti, ni presha.

Madaktari wana jina la mkusanyiko huu: sindromu ya metaboliki. Jina gumu, lakini mambo yenyewe ni matano. Kiuno kinene, yaani kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Presha kuanzia 130/85. Sukari kabla ya kula kuanzia 5.6. Mafuta ya trigliseraidi kuanzia 1.7. La tano, lehemu nzuri kuwa pungufu. Ukiwa na matatu kati ya hayo, umo.

Ukoo unaingiaje? Kwanza kwa damu. Tunarithi jinsi mwili unavyotumia insulini na mahali unapoweka mafuta. Madaktari hukadiria kwamba mwenye mzazi mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili ana uwezekano wa kama asilimia 40 wa kukipata maishani. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, ni kama asilimia 70.

Pili, tunarithi jiko. Wali wa nazi, maandazi, chai ya sukari vijiko vinne. Babu zetu nao walikula nazi, lakini walipiga kasia na kwenda mashamba ya mikorosho kwa miguu. Sisi tulivuka Rufiji kwenda kutafuta maisha Dar, tukaishia kwenye kiti cha ofisi na foleni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na robo nzima wana presha.

Sasa mtie mume wa Kipwani kwenye mizani uone! Mama mkwe alikuwa akikisifia kile kitambi: "Mwanangu katunzwa." Siku niliyomzungushia futi kamba ya fundi cherehani, ikasoma 101. Akanuna. "Unaniombea maradhi?" Kwetu kuutaja ugonjwa ni kama kuukaribisha.

Sikubishana. Nilimwambia nataka mtoto, na mwenye sukari kwenye ukoo anaweza kuipata akiwa mjamzito, kwa hiyo nakwenda kupima mimi. Twende wote. Akaja, kwa shingo upande. Mimi nilikuwa salama. Yeye presha 138/88, sukari 5.9. Ukijumlisha na kiuno, matatu.

Usiku ule hatukuongea sana. Asubuhi aliuliza swali moja: "Baba alianza akiwa na miaka mingapi?" Akampigia simu mzee. Miaka 41. Mume wangu ana 34.

Habari njema ni kwamba ukoo si hukumu. Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa watu wenye sukari iliyoanza kupanda, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58. Tumeanza hapo. Chai haina sukari, wali ni robo ya sahani, samaki wa kuchoma, na jioni tunatembea pamoja. Kiuno kimefika 96. Bado hatujamaliza.

Kaeni na wenzenu, mchukue daftari. Andikeni nani kwenye ukoo aliugua sukari, presha au kupooza, na akiwa na umri gani. Mpelekeeni daktari, mpime wote wawili. Na wazee wakiwa bado hai waulizeni leo, maana majibu wanayo wao.