Mchumia Juani: Tafakuri Kuhusu Daraja za Mchezaji

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi, nasi tumeipokea kama ahadi isiyo na shaka: taabu ya leo ndiyo raha ya kesho. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi jua litawaka kwa muda gani, wala kivuli kitakuwa cha mti gani. Makala haya yanakusudia kuipima ahadi hiyo kwa maisha ya mchezaji mmoja wa Kiafrika, na kwa suala lililoigusa familia yetu hapa Mumias.

Mchezaji huyo ni Gift Ngoepe. Alizaliwa mwaka 1990 kaskazini mwa Afrika Kusini, akalelewa Randburg, karibu na Johannesburg, katika chumba cha jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake, Maureen, alifanya kazi. Kwa asiyeujua mchezo huu, besiboli huchezwa kwa gongo na mpira mdogo mgumu, na aliyeupiga mpira hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Ngoepe alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndani: yule asimamaye karibu na vituo, audake mpira unaokuja kwa kasi na kuurusha kabla mkimbiaji hajafika. Mwaka 2008 alisajiliwa na klabu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani. Aghalabu tukisikia neno "kusajiliwa" hudhani kuwa safari imefika. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Chini ya kila klabu kubwa kuna timu nyingine zilizopangwa kama vipandio vya ngazi. Leo klabu kubwa ni 30, na kila moja ina timu nne za kupandia, mbali na zile za wanagenzi zilizoko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Jua la huko ni kali. Hadi mwaka 2022 mchezaji wa kipandio cha chini kabisa alilipwa takriban dola 4,800 kwa mwaka. Mkataba wa kwanza wa pamoja, uliofikiwa mwaka 2023, ndio ulioupandisha ujira huo hadi dola 19,800.

Ngoepe aliipanda ngazi hiyo tangu mwaka 2009. Ulinzi wake ulisifiwa kila mahali, lakini upigaji wake wa gongo ulitiliwa shaka msimu baada ya msimu. Mwaka 2013 mama yake alifariki bila kumwona mwanawe akifika kileleni. Hatimaye, tarehe 26 Aprili 2017, Ngoepe aliingia uwanjani dhidi ya Chicago Cubs, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, aliupiga mpira wa Jon Lester na kukifikia kituo cha kwanza salama. Mwaka huo alicheza mechi 28. Mwaka uliofuata alicheza 13 akiwa na Toronto Blue Jays. Basi. Miaka minane ya jua kwa kivuli cha mechi 41.

Msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi wa nchi ya miwa? Yanatuhusu sana. Ng'ambo ya mpaka wa Busia, huko Lugazi, mji wa miwa na kiwanda cha sukari kama wetu, vijana waliicheza besiboli hadi wakawa, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates, klabu ile ile ya Ngoepe, ikamsajili Mganda mwenzao, David Matoma.

Mumias nayo ilikuwa na ngazi yake, ya kandanda. Kiwanda cha sukari kilichoanza uzalishaji mwaka 1973 kilikuwa na timu, Mumias Sugar, iliyotwaa kombe la taifa mwaka 1996 na mwaka 1999. Kijana aliyezaliwa katikati ya mashamba aliweza kukiona kipandio cha juu akiwa nyumbani kwao. Kisha kampuni ikayumba, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai. Timu hiyo haimo tena katika ligi kuu.

Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka ishirini, ni beki katika mojawapo ya ligi za chini. Nauli hujilipia mwenyewe. Mama alipopata fomu ya chuo cha ualimu aliniita nimshawishi mwanawe aachane na mpira. Nilimweleza habari za Ngoepe, nikidhani hizo mechi 41 zitamtisha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Dada, hata wewe unasomea shahada ya pili ya fasihi. Nani amekuahidi kazi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake lilinirudisha kwenye taaluma yetu. Waamerika huziita timu zile za chini "ligi ndogo", jina linalompima mchezaji kwa kile ambacho bado hajakipata. Sisi husema "daraja": ligi ya daraja la pili, ligi ya daraja la kwanza. Neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa kile kinachovusha watu mto. Anayesimama darajani si mdogo, yu safarini. Ila daraja halikujengwa ili mtu alale juu yake, na mvukaji mwenye busara huuliza ng'ambo kuna nini.

Kwa hiyo tulikaa watatu, mama, mdogo wangu nami, tukaafikiana. Fomu ilijazwa. Atasoma ualimu na kuchezea timu iliyo karibu na chuo kwa misimu miwili. Asipopanda daraja katika muda huo, mpira utabaki kuwa wa jioni. Mama hakufurahi kabisa, wala mwanawe. Pengine hiyo ndiyo dalili ya makubaliano ya haki.

Naamini methali yetu ingali kweli, mradi tusiifasiri kwa pupa. Haikuahidi kivuli kirefu. Iliahidi kwamba aliyechuma ana cha kula. Ngoepe alikula chake kwa mechi 41, na hakuna awezaye kumpokonya hata moja. Sisi tunaowafunza vijana methali hizi, na tuwaambie pia kuwa jua ni kali, na kwamba si dhambi kwenda na kofia.